Soksi ya Tatu

Gyumri, wodi ya wazazi, theluji hadi madirishani.
Daktari alivua miwani kwanza, ndipo akasema:
"Mwache hapa. Ipo nyumba ya watoto kama hawa.
Wewe bado msichana. Utazaa mwingine."
Faili likaandikwa *Down*,
jina la mganga wa mbali aliyekufa zamani;
pa jina la mtoto pakaachwa wazi.

Mwingine ndiye mimi.
Nilikuja miaka sita baadaye, nikakuta kitanda kimeshapata joto
na dada mwenye shingo fupi, anayecheka kwa mabega,
aliyehesabu vidole vya miguu yangu kila asubuhi
na kila asubuhi akapata kumi na kimoja.

Mama alikuwa mhesabu soksi kiwandani.
Walipomchorea jozi ishirini na tatu nyuma ya karatasi ya dawa,
wakamwonyesha ile ya ishirini na moja,
tatu mahali pa mbili,
hakulia mbele yao.
Alisema: kwetu soksi ya tatu haitupwi.
Anayeikuta huenda nayo nyumbani.
Akamfunga Shoghik ndani ya koti la baba, akatafuta basi.

Sisemi ilikuwa rahisi.
Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu; usiku midomo ikageuka zambarau.
Jirani yetu Vartush aliwaita wanawe ndani kila tulipotoka.
Bibi aliwasha mishumaa kanisani, akiomba jambo
ambalo hakututajia hadi anakufa.
Nami, niliandike na hili,
darasa la tano nilisema sina dada.
Alikuwa amesimama langoni. Aliniletea glavu.

Leo tuko benki. Ana miaka thelathini na minane,
harufu ya unga mikononi, mkataba wa kazi mfukoni,
kutoka duka la mikate la Karapet.
Karani ananitazama mimi:
"Anaitwa nani? Anajua kusoma? Pesa atashika nani?"

Ulimi wangu umeshainuka. Umezoea.
Miaka mingi nimekuwa mkalimani ambaye hakuna aliyemwajiri:
namkata kauli kwa mapenzi,
namalizia sentensi zake kama mtu anayekupokea kikapu
akakipeleka nyumba siyo.

"Muulize mwenyewe," nasema.
Halafu nafanya kazi iliyonishinda tangu utoto:
nanyamaza.

Foleni inakohoa. Mtu anapigapiga funguo kwenye meza.
Shoghik analipanga jina kinywani kama anavyopanga mikate rafuni,
mmoja, hadi ukae sawa,
ndipo wa pili.
"Mimi. Ni. Shoghik."
Kimya. Karani anashika kalamu,
nami, mjinga, nafungua mdomo.
Ananiwekea kiganja usoni, hata hanitazami:
"Bado sijamaliza."

Na kweli alikuwa hajamaliza.
Alitaka kadi ya kijani, siyo ya kijivu.
Alitaka kujua kwa nini benki ikate ada kila mwezi
wakati pesa imekaa tu, haisumbui mtu
(mimi mwenye shahada sijawahi kuuliza).
Alitaka sahihi yake ienee yote kwenye kisanduku,
na kama haienei,
basi kisanduku kiongezwe.

Karani akatazama huku na huku.
Akakiongeza. Kwa rula.

Nje, ngazi zimeganda barafu.
Mkono wangu unamwendea wenyewe; naurudisha.
"Nikushike?"
Anazitazama ngazi. Anavitazama viatu vyake.
Theluji inatua kwenye kope zake, inayeyuka, inatua nyingine.
Anafikiri.
Nasubiri.